Kitabu Hakiitikii

Wajukuu zangu husoma wamefunga midomo. Mtoto atakaa na kitabu saa nzima, macho yanakwenda na kurudi, na aliye nje ya chumba hajui kama anasoma au amelala. Nikimwuliza amesoma nini, ananijibu, "Hadithi tu, bibi." Hadithi tu! Saa nzima ya kitabu imetoa maneno mawili. Hapo hasira hunipanda, na msiseme ni uzee, kwa kuwa hasira hii nilizaliwa nayo. Huwaambia wafungue midomo, wasome kwa sauti, kila neno mpaka mwisho wake. Wao hucheka. Hawakumwona baba mkwe wangu siku alipokauka mdomo mchana kweupe mbele ya watu, yeye aliyekuwa bingwa wa kusema, wala hawakukiona kitabu kisicho na jalada kilichomrudishia sauti yake.

Hayo yalikuwa zamani za Wadachi, yaani Wajerumani. Nilizaliwa upande wa Ihumwa, nikaolewa upande wa Zuzu, katika mwaka ule ule ambao reli ilifika Dodoma. Mume wangu hakukaa nyumbani hata mavuno mawili. Reli ilipoendelea kwenda Tabora naye alikwenda nayo, akibeba mataruma, yale magogo ya kulazia reli, akaniacha na wazazi wake, ng'ombe wawili wa kukamua, na ahadi nyingi. Nisimwonee: aliniletea barua mbili. Aliandikiwa na karani wa kambi, kwa ule mwandiko wa kalamu ambao herufi zinashikana mikono na kulalia upande mmoja. Mara ya kwanza ilinichukua siku tatu kuzisoma. Baadaye nilizisoma mpaka karatasi ikachanika kwenye mikunjo. Nilizifunga kwenye pindo la kaniki yangu na sikumwonyesha mtu, maana yaliyokuwamo hayakuwa ya kusomewa wakwe.

Kusoma nilijifunza misheni, wasichana sita chini ya banda la nyasi, na mwalimu mmoja mwenye fimbo ndefu ya kuonyeshea maneno. Siku niliyokwenda kuaga ili niolewe, alinipa kitabu cha kusomea cha Kiswahili ambacho wenzangu walikuwa wamekichakaza. Jalada halipo, ukurasa wa kwanza unaanzia katikati ya hadithi ya wachuuzi wa chumvi waliopotea njia. Baada ya hapo kulikuwa na mwanamke mfinyanzi aliyepeleka vyungu gulioni, na mtu aliyefuga nyuki, na nyingine fupi fupi. Nilikuwa nazijua zote kwa moyo. Kwa wakwe zangu kilihifadhiwa juu ya boriti, pamoja na mbegu za uwele, nao walikiheshimu hivyo hivyo, kama kitu cha mwaka ujao.

Sasa niwaeleze habari za baba mkwe, ingawa kuzieleza ni shida kidogo, kwa sababu kwa muda mrefu sikumtazama. Katika ukoo ule mkazamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Hawali pamoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono, na neno lao hupitia kwa mtu wa tatu. Mtu huyo kwetu alikuwa mama mkwe. Tulikuwa tunaweza kuwa hatua tatu tu, mimi nimegeukia ukuta na yeye amegeukia zizi, naye akasema, "Mwambie mkwe ndama amefunguka." Mama mkwe ananigeukia: "Ndama amefunguka." Kana kwamba mimi ni kiziwi! Nami namjibu yeye, "Mwambie baba nimesikia," na yeye anamwambia. Ilikuwa inachosha, lakini iliishia kunifurahisha. Nilimpenda yule mzee kwa sauti, kwa kikohozi chake cha asubuhi na kwa mgongo wake mrefu uliokuwa ukinipita uani.

Na sauti yake watu walitoka mbali kuja kuisikiliza. Watu waliposhindana juu ya mpaka wa shamba, au kijana alipotoroka na binti wa watu, aliitwa yeye aseme. Lakini kwa Wagogo wa wakati ule kusema hakukuwa kazi ya mtu mmoja. Msemaji alisimama, na kando yake alikaa mwitikiaji. Msemaji akitoa neno, mwitikiaji anajibu, "Ee!" Akitoa jingine, "Ee!" Itikio lile ndilo lililompa msemaji pumzi, na ndilo lililomjulisha kwamba neno limefika. Mwitikiaji hodari akiona mwenzake anapotea, anaivuta ile "ee" yake kidogo, na msemaji anajua arudi njiani. Mwitikiaji wa baba mkwe alikuwa jirani yetu, mtu mfupi mwenye sauti nzito, waliyetahiriwa naye siku moja. Ukiwasikia wawili wale ulidhani ni wanawake wanaotwanga kinu kimoja.

Shida ilitoka korongoni. Korongo letu lilikuwa la mchanga, lina maji juu wakati wa mvua tu, na kiangazi tulichimba visima humo humo mchangani. Vilikuwa vitano. Kiangazi kile watu wa kambi ya reli walivizungushia uzio wa miiba vyote, wakaweka askari, kwa kuwa gari la moshi lina kiu kuliko kundi la ng'ombe. Tukaambiwa tutafute maji kwingine. Kwingine kulikuwa mwendo wa asubuhi nzima. Nilitoka na kibuyu kichwani kabla ya jua kuchomoza, nikarudi jua la utosi, na robo ya maji imekwisha kumwagika njiani. Ng'ombe walianza kuonyesha mbavu. Wazee wakasema wazi kwamba visima visipofunguliwa kabla ya kiangazi kukomaa, kijiji kihame, tuyaache matembe, nyumba zetu za udongo, na makaburi na mashamba yaliyokwisha safishwa. Mama mkwe alikuwa amezika watoto watatu pale. Alipolisikia neno hilo aliingia ndani, akaanza kupaka udongo ukuta ambao haukuwa na ufa.

Kwa hiyo wakamtuma baba mkwe bomani Dodoma akamweleze Bwana Shauri, Mdachi aliyetawala wilaya. Tulikwenda wengi, wanawake tukibeba uji wa njiani. Tuliketi nje ya uwanja, tukiona baraza yote. Bwana alikaa kwenye kiti, karani pembeni, mkalimani amesimama. Kwanza Bwana alisoma amri fulani kutoka kwenye karatasi, ndefu, juu ya barabara na usafi, na mkalimani akaifasiri. Kisha wakaitwa watu wa visima.

Baba mkwe akasimama, akatengeneza mgolole wake begani, akafungua kwa maneno yale ambayo nyumbani yalifanya hata watoto wanyamaze. Mwitikiaji akajibu, "Ee!"

"Kimya!" askari akapiga kelele. "Barazani anasema mmoja!"

Baba mkwe akangoja. Akatoa neno la pili, akangoja tena. Hakuna kitu. Sijui kama mtu wa leo anaweza kuelewa. Alikuwa amezoea kwa miaka thelathini kuweka mguu na kukuta ngazi, na sasa alikuwa anaweka mguu na ngazi haipo. Alirudia neno la pili. Akaanza la tatu, akaliacha njiani, akamtazama rafiki yake, na rafiki yake alikuwa anatazama kiboko cha askari. Nikaona mgongo ule mrefu unapinda. Alisimama kimya mpaka Bwana akauliza kitu, na mkalimani, kijana aliyenyoa vizuri, akajibu kwa niaba yetu kwa Kiswahili, "Anasema wanataka maji, Bwana."

Bwana akasema kila mtu anataka maji. Akasema yuko karibu kwenda safari ya kukagua, miezi miwili, na akirudi atalisikiliza shauri hili mara moja tu, ya mwisho. Basi tukarudi. Njia nzima hakuna aliyemtania baba mkwe, na hilo ndilo lililomwuma.

Siku nyingi hakwenda kukaa na wanaume. Alikaa zizini, akichonga mpini wa shoka ambao ulizidi kuwa mwembamba mpaka ukawa fimbo. Nilitamani kumwambia kitu, lakini kupitia kwa nani? Mama mkwe mwenyewe alikuwa haongei. Kisha asubuhi moja nikiwa nasaga, nikamsikia kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Mwulize mkwe," alisema, "yule Mdachi alisoma karatasi yake mbele ya watu wote wale. Hakuna aliyemwitikia hata mara moja, naye hakuyumba. Alikwenda mpaka mwisho. Mwulize mkwe kama hiyo nguvu imo kwenye karatasi."

Mama mkwe akanigeukia na kurudia yote, neno kwa neno. Nikamjibu kwamba nguvu siijui, ila ninachojua ni kwamba kitabu hakiitikii. Mtu anakisoma mpaka kiishe, peke yake.

"Mwambie mkwe," baba mkwe akasema, "akishushe hicho kitabu."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwalimu wa mtu nisiyeruhusiwa kumtazama. Tulipanga hivi: baba mkwe aliketi nje, ameegemea ukuta wa tembe, kitabu kikiwa magotini pake. Mimi niliketi ndani, nimeegemea ukuta huo huo, karibu na tundu la kupitisha hewa. Mama mkwe alikaa mlangoni, mahali pa kutuona wote wawili, akiwa na unyasi wa kuonyeshea herufi. Kitabu kilikuwa kimoja, lakini mimi sikukihitaji. Nilisema, "Mwambie baba, ile inayosimama na kitone juu yake ni *i*." Mama mkwe anaitafuta, anaigusa kwa unyasi. "Hii hapa. Inasema *i*." Na mzee anaitikia kwa nguvu, "*I!*" mpaka kuku wanatawanyika.

Watu walicheka, bila shaka. Mzee wa mvi anasema *ba be bi bo bu* kama mtoto! Lakini alikuwa na kichwa ambacho kwa miaka mingi kilihifadhi mashauri ya vijiji vitatu bila kuandika hata moja, na herufi ishirini na kitu hazikuweza kumshinda. Mwezi wa kwanza ulipoandama alikuwa anafuata mstari kwa kidole. Alikuwa na kosa moja, na lilikuwa langu. Misheni tulisoma kwa kufuata fimbo ya mwalimu, na fimbo ilipofika mwisho wa mstari sote tulivuta pumzi. Nikamfundisha hivyo hivyo. Kwa hiyo mfinyanzi wetu alikuwa anabeba vyungu mpaka ukingoni mwa ukurasa, anatua, anapumzika, halafu ndipo anaendelea na safari. Nilipoligundua nilicheka peke yangu nyuma ya ukuta, kisha nikaona aibu, tukaanza kulirekebisha.

Jambo gumu zaidi lilikuwa mama mkwe. Kila baba mkwe alipomaliza kusoma fungu, yeye kwa mazoea ya umri mzima alisema, "Ee!" Na mzee akisikia "ee" anapata joto, anainua kichwa, anaacha kitabu na kuanza kusema yake mwenyewe. Ikabidi niseme, "Mwambie baba kwamba mama asiitikie."

Kisha maskini akamgeukia mumewe. "Anasema nisiitikie."

"Usiitikie, basi."

"Sasa nifanye nini?"

"Sikiliza tu."

"Nikisikiliza bila kuitikia utajuaje kwamba nasikiliza?"

Mpaka leo naona lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa katika shule yetu. Toka siku hiyo alijaza mdomo ubuyu wakati wa somo ili asijisahau. Na baba mkwe, alipotaka kujipima kweli, alichukua kitabu zizini na kuwasomea ng'ombe. Ng'ombe wale walikuwa na kiu na hawakuwa na habari na nyuki wala vyungu. Mwanzoni alikwama kila mara, akingoja. Baadaye nikawa namsikia nikiwa kwenye kinu: mstari baada ya mstari, hapotei, hangoji mtu, mpaka mwisho wa hadithi, na kikohozi kimoja cha kujipongeza.

Siku moja akasimamisha somo. Alikuwa anasoma habari za yule mfinyanzi, mahali ambapo kitabu kinaeleza udongo unatoka wapi, unakandwaje, unakaushwa siku ngapi kivulini.

"Mwulize mkwe," akasema, na nikasikia ameudhika, "mbona kitabu hiki kinasema kila kitu? Nani asiyejua chungu kinavyofinyangwa?"

"Mwambie baba, aliyeandika hamjui atakayesoma. Huenda msomaji ni mtu wa pwani, au mtoto, au mtu ambaye kwao hakuna udongo. Kwa hiyo anamweleza tangu mwanzo, bila kumdharau."

Mama mkwe alipeleka maneno hayo, akitafuna ubuyu. Baba mkwe akakifunga kitabu, akaondoka, na tulimwona mchana kutwa akitembea kando ya korongo, mbali na askari, akivitazama visima kama mtu anayevihesabu upya. Kesho yake hakuja kusoma hadithi. Aliketi mahali pake ukutani na kuanza kusema habari za visima, kwa Kiswahili, polepole, kwa mtu asiyejua kitu. Nilisahihisha maneno mawili matatu. Mengi sikuyagusa, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa sijui nusu ya mambo aliyoyaeleza, na nilikuwa nimeteka maji pale tangu nilipoolewa.

Bwana Shauri akarudi. Tukaenda tena Dodoma. Nilijua kwamba akishindwa tena tutafunga mizigo, na nilijua ni nani atakayelaumiwa, yeye na kitabu chake na mkazamwana wake wa misheni. Lakini zaidi niliogopa kuuona tena mgongo ule ukipinda.

Alipoitwa, mkalimani akajisogeza mbele. Baba mkwe akamwinulia mkono kumzuia, kwa adabu.

"Bwana," alisema kwa Kiswahili, "nitaeleza visima. Wewe ulipokuja uliviona vipo, ukadhani viko siku zote. Kisima cha mchangani hakikai. Mvua ikija korongo linajaa, vyote vinazikwa. Mvua ikikatika tunachimba upya, pale pale."

Akanyamaza kidogo. Nikaona bega la mwitikiaji linacheza, mdomo unafunguka, unafungwa. Uwanja mzima ulikuwa kimya kama ukurasa. Baba mkwe akavuta pumzi akaendelea.

"Cha kwanza kilichimbwa na babu yangu. Mchanga ulimporomokea ndugu yake, akafia humo. Ndipo wakajifunza kuzuia mchanga kwa miti na majani. Kila mwaka tunakata miti hiyo upya. Asubuhi wanateka wanawake. Kisha wananywa ndama, kisha ng'ombe wakubwa. Lakini mgeni akipita, hata kama ng'ombe wamekwisha jipanga, mgeni anakunywa kwanza. Watu wa reli walipofika walikuwa wageni. Tuliwapa wakanywa kwanza. Ndiyo sababu walijua maji yako wapi."

Alisema hivyo mpaka mwisho, hakupandisha sauti, hakutazama nyuma. Bwana aliuliza kama visima vyote vina maji sawa. Baba mkwe akasema hapana, vya chini vina maji mengi ila ya chumvi, vya juu ni matamu. Bwana akazungumza na karani kwa Kijerumani, karani akaandika kwa muda mrefu, wakapiga muhuri. Filimbi ya gari la moshi ikalia na Bwana akasimama, ana watu wengine wa kuwaona.

Karani akamletea baba mkwe karatasi iliyokunjwa. "Majibu yamo humu. Isomwe mbele ya watu wote wa kijiji, na askari wa kambi awepo. Unajua kusoma, mzee, au nikusomee?"

Nami namfahamu yule mzee. Nilijua atakalojibu kabla hajafungua mdomo.

"Najua," alisema.

Wote wakashangilia, na hakuna aliyetaka kuharibu furaha yake kwa kuomba asomewe. Tulipofika nusu ya njia akajitenga mbele, nikaona anaikunjua. Alisimama. Akaigeuza juu chini, akaigeuza tena. Halafu akaikunja taratibu, akaendelea kutembea, na watu walipomwuliza akasema barua ya serikali husomwa mahali ilipoagizwa. Mimi nilikuwa nyuma na wanawake, na nilielewa palepale. Nilimfundisha herufi za kitabu, zile zinazosimama kila moja na nafasi yake. Mwandiko wa kalamu sikumfundisha, wala sikumwambia upo. Mwandiko pekee uliokuwa nyumbani mwetu ulikuwa umefungwa kwenye pindo la nguo yangu.

Asubuhi watu walikusanyika mbele ya tembe letu, wanaume mbele, wanawake ukutani, na askari wa kambi na bunduki yake. Baba mkwe akasimama na karatasi wazi mikononi. Akaitazama. Watu wakangoja. Jirani yetu alikuwa amekwisha kaa kando yake, tayari kuitikia, uso umejaa furaha. Muda ukapita, na watoto wakaanza kunong'ona. Nikauona mgongo ule unaanza kupinda.

Kisha ukanyooka.

"Watu wangu," alisema kwa Kigogo, "mimi nasoma kitabu. Hii sijui kuisoma. Nilimdanganya karani kwa kiburi." Na hapo, bila kumgeukia mama mkwe, bila kupitia kwa mtu, akaita, "Mkwe. Njoo usome."

Hakuwa amewahi kuniita hivyo. Miguu yangu ilikwenda yenyewe. Aliiweka karatasi chini, juu ya jiwe la kusagia, nami nikaiokota hapo, ili tusipeane mkononi. Kisha akanipa mgongo, adabu isivunjike. Mwanamke kusema mbele ya mkutano ule halikuwa jambo la kawaida, sembuse mkazamwana. Mwandiko ulikuwa ule ule uliolala, ndugu wa barua za mume wangu. Nikasoma mstari wa kwanza, na sauti iliyotoka ilikuwa ya panya.

"Ee!" baba mkwe akajibu.

Alikuwa yeye. Jirani alikuwa amefumbua mdomo na yeye akamwahi. Msemaji mkubwa wa upande wote wa Zuzu alikuwa amegeuka mwitikiaji wangu.

"Bwana ameamuru," nikasoma, "kwamba ni marufuku kabisa mtu yeyote kuvunja uzio wa kambi, na atakayeuvunja atapigwa viboko."

Watu wakaguna. Mwanamke mmoja nyuma akaanza kulia. Nami nikasimama hapo hapo, sauti imekauka.

"Ee!" akasema baba mkwe, wala sauti yake haikubadilika hata chembe. Akaivuta kidogo, kama mtu anayemwambia mwenzake njia ni hii, twende.

Nikaenda. "Tena Bwana ameamuru kwamba uzio huo uhamishwe."

"Ee!"

"Visima viwili vya chini ni vya kambi na vya gari la moshi."

"Ee!"

"Visima vitatu vya juu ni vya watu wa hapa na ng'ombe wao, kila kiangazi, kwa jinsi wanavyovichimba."

"Ee!" Lakini hiyo ilitoka nusu.

Ulikuwa umebaki mstari mmoja juu ya muhuri. Kelele zilikuwa zimeanza, nikainua sauti, na sasa ilikuwa sauti ya mtu mzima. "Bwana alikuwa hajui kwamba visima hivyo huchimbwa upya kila mwaka. Sasa amejua, kwa maneno ya mzee aliyesema barazani."

Nikangoja. Itikio halikuja. Mgongo ulikuwa mbele yangu, umenyooka, na mabega yalikuwa yanatikisika. Nikajua ameshindwa, na safari hii si kwa kukosa wa kumwitikia. Basi kutoka ukutani, kwenye wanawake, mahali ambapo haikuwa imewahi kutoka sauti mkutanoni, mama mkwe akatema ubuyu wake mkononi, akaitikia badala yake.